Mwalimu Mkali na Shahidi wa Msimu



Ye yote aliyepata kuketi katika ukumbi wa ndani wa Uwanja wa Nyayo siku za mwisho wa juma, wakati timu za vyuo vyetu, za mabenki na za majeshi zinapochuana katika mpira wa kikapu, amewahi kumwona mkufunzi akiinuka kitini, akavua koti, akamkemea mbele ya kaumu ya watu kijana aliyemzidi kimo, na kijana yule akainamisha kichwa asijibu neno. Sisi watazamaji hunong'onezana kidogo, wengine wakamsifu mkufunzi kwa ukali wake na wengine wakamhurumia kijana, kisha filimbi ikalia na mchezo ukaendelea. Lakini yale tuyaonayo ukumbini ni sehemu ndogo tu ya ualimu wa mchezo; sehemu kubwa hupita mahali pasipo na viti vya watazamaji: katika mazoezi ya alfajiri, ndani ya basi la safari, na nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo baada ya timu kushindwa. Huko nani shahidi? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari pamoja jioni hii, na njia nitakayopita kuliendea ni kitabu kimoja kilichoandikwa Marekani takriban miaka 40 iliyopita, pamoja na vitabu vilivyoandikwa baadaye ama kukiunga mkono ama kukipinga.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1985, mwandishi wa gazeti la Washington Post, John Feinstein, kijana wa miaka 29, aliomba ruhusa kazini akahamia mji mdogo wa Bloomington, katika jimbo la Indiana, ili akae msimu mzima na timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Indiana. Mkufunzi wa timu hiyo alikuwa Bob Knight, naye alimpa mgeni wake idhini ambayo wakufunzi hawampi mtu: ahudhurie mazoezi, aketi katika mikutano ya timu, aingie chumbani kabla ya mchezo na baada yake, asikie kila linalosemwa. Shirika la uchapishaji la Macmillan lilimlipa malipo ya awali ya dola 17,500, fedha isiyokuwa nyingi kwa kazi ya namna ile, na mwezi wa Novemba 1986 kitabu kikatoka kwa jina la A Season on the Brink. Wachapishaji hawakukitarajia makubwa. Kumbe kilikuwa kitauzwa nakala zaidi ya milioni mbili, na kuwa kielelezo ambacho waandishi wa michezo wamekifuata tangu siku ile.

Inapasa niwaeleze mtu mwenyewe alikuwa nani, maana ubishi juu yake haufahamiki bila ya kufahamu ukubwa wake. Bob Knight alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Ohio. Alikabidhiwa timu ya chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1965, angali na miaka 24, na mwaka 1971 akaenda Indiana, ambako alikaa miaka 29. Mwaka 1976 timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa kushinda michezo 32 pasi na kushindwa hata mmoja, jambo ambalo kwa upande wa wanaume halijarudiwa mpaka leo. Ikatwaa tena ubingwa mwaka 1981, na mara ya tatu mwaka 1987. Ndiye aliyeiongoza timu ya Marekani, Michael Jordan akiwamo, kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Alipoacha kazi mwaka 2008 alikuwa ameshinda michezo 902. Lakini mtu huyo huyo, tarehe 23 Februari 1985, akiwa ameghadhibishwa na uamuzi wa refa katika mchezo dhidi ya Purdue, alinyanyua kiti chekundu cha plastiki akakivurumisha kikapita uwanjani, mbele ya mchezaji wa upinzani aliyekuwa akingoja kurusha mpira wa adhabu. Taifa zima liliona kiti kile kwa televisheni. Feinstein alikwenda kutazama yale yasiyoonekana kwa televisheni.

Na aliyoyaona aliyaandika. Alimwandika Daryl Thomas, kijana mkubwa wa mwili na mpole wa hulka, jinsi mwalimu alivyomtupia maneno ya kumdunisha uanaume wake mbele ya wenziwe hata machozi yakamtoka, na jinsi mwalimu mwenyewe baada ya ghadhabu kupoa alivyojuta. Alimwandika Steve Alford, mrushaji hodari aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki chini ya mwalimu yule yule, ambaye katika msimu ule alikubali kupigwa picha kwa ajili ya kalenda iliyotengenezwa na chama cha wasichana wa chuo ili kuchangisha fedha za hisani, na kwa kuwa kanuni za michezo ya vyuo zilikataza mchezaji kutumia sura yake kwa namna hiyo, akafungiwa mchezo mmoja, nao ulikuwa mchezo mzito dhidi ya Kentucky, na Indiana wakashindwa. Ghadhabu ya mwalimu ilimfuata Alford siku nyingi. Lakini kitabu hakikuwa kitabu cha matusi peke yake. Kilionyesha pia mtu asiyelala usiku kwa kutazama picha za mchezo tena na tena, mtu aliyeona kosa la hatua moja ya mguu ambalo wengine wote hawakuliona, mtu aliyeogopa kushindwa kuliko alivyopenda kushinda. Msomaji hufunga kitabu kile akiwa na hasira na heshima kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na huo ndio uaminifu wa mwandishi.

Msimu wenyewe haukuwa na taji. Indiana walishinda michezo 21, wakashindwa minane, na mwezi wa Machi 1986, katika mchezo wao wa kwanza wa mashindano ya ubingwa wa taifa, wakatolewa na Cleveland State, chuo ambacho watu wengi hawakukitia katika hesabu, kwa pointi 83 kwa 79. Kitabu kilipotoka Knight alikasirika, akadai kwamba mwandishi alimwahidi kuyaacha matusi yake nje. Mwandishi akashika kwamba mtu huyo hawezi kuelezwa bila ya maneno yake. Na wawili hao wakakaa miaka mingi hawasemezani. Kisha likatokea jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo linalokipa kitabu hiki thamani yake yote. Tarehe 30 Machi 1987, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka, katika fainali dhidi ya Syracuse mjini New Orleans, Indiana wakiwa nyuma kwa pointi moja na sekunde zikiwa chache, mpira ulimfikia Daryl Thomas, yule yule aliyelizwa. Hakulazimisha kurusha. Alitulia, akampasia Keith Smart aliye pembeni, Smart akaruka akatia kikapu, na Indiana wakawa mabingwa kwa pointi 74 kwa 73.

Wasikilizaji wangu, hapo ndipo wengi husema: mnaona? Ukali ulimkomaza. Na wengine hujibu: la, kijana yule alikuwa na moyo huo tangu awali, naye alifika pale licha ya ukali, si kwa sababu yake. Miaka karibu 40 imepita na hakuna aliyemshinda mwenziwe kwa hoja, kwa sababu kombe halina ulimi. Kombe husema nani alishinda, wala halisemi kwa gharama gani, wala halisemi kama gharama ile ilikuwa ya lazima. Lau Feinstein angalikwenda Bloomington mwaka mmoja baadaye, angaliandika kitabu cha washindi, na kila chozi lililotoka Novemba lingalihesabiwa kuwa bei ya furaha ya Machi. Kwa bahati njema alikwenda katika mwaka wa mikono mitupu, akayaandika mambo jinsi yalivyokuwa kabla ya ushindi kuyapamba. Nami nashikilia kwamba ualimu hauna budi kupimwa hivyo: kwa yale yanayotendwa siku ambayo hakuna ajuaye kama kutakuwa na taji.

Kitabu kimoja kizuri huzaa vitabu vingine. Mwaka 1988 bibi mmoja mwanachuoni, Joan Mellen, alitoa kitabu cha kumtetea Knight, akimsawiri kama mwalimu wa kweli katika michezo iliyokwisha kuharibiwa na tamaa ya fedha. Mwaka 1989 Alford mwenyewe akatoa chake, akaeleza yaliyompata kwa ulimi wa aliyeyapokea, pasipo kumlaani mwalimu wake na pasipo kuficha uchungu. Na mwaka 2002 Knight akaandika maisha yake kwa kusaidiwa na mwandishi rafiki yake wa siku nyingi, Bob Hammel. Asomaye vitabu hivi vinne pamoja hupata jambo ambalo kimoja pekee hakiwezi kumpa: humsikia mgeni aliyetazama, mtetezi aliyependa, mwanafunzi aliyevumilia, na mwalimu aliyeamini kuwa ana haki, naye msomaji hukalia kiti cha kadhi, akawajibika kuamua.

Tena upo ushahidi ambao haukuandikwa kitabuni wakati wake, na kukosekana kwake kulileta dhara. Mchezaji mmoja, Neil Reed, aliihama Indiana mwaka 1997, na mwaka 2000 akasema hadharani kwamba mwalimu alimshika koo mazoezini. Mwalimu alikana, na mashabiki wengi walimwita kijana mwongo na mlalamishi. Haukupita muda mrefu, ukanda wa picha wa mazoezi yale ukaonyeshwa kwa televisheni, na mkono ukaonekana shingoni. Rais wa chuo, Myles Brand, akamwekea Knight masharti makali ya mwenendo, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule, baada ya Knight kumshika mkono mwanafunzi aliyemwita kwa jina lake la ukoo pasipo taadhima, Knight akaachishwa kazi. Tufikirie jambo hili kwa dhati: neno la kijana halikuwa na uzito mpaka lilipopata picha. Kijana akisimama peke yake mbele ya mwalimu mwenye mataji matatu huonekana mdogo, hata anaposema kweli. Ndiyo maana namthamini shahidi wa tatu, ambaye si mwalimu wala si mwanafunzi, na ambaye kalamu yake iko pale siku ile ile.

Insafu inanilazimu nitaje fadhila za mtu huyu, maana ye yote asemaye nusu amesema uongo. Landon Turner, bingwa wa mwaka 1981, alipopooza kwa ajali ya gari miezi michache baada ya ubingwa, Knight alisimama mbele ya wote kumchangishia fedha za matibabu, akamhesabu kuwa nahodha wa timu ijapokuwa hakuweza kusimama. Alichanga na kuchangisha fedha nyingi kwa ajili ya maktaba za chuo. Aliwashurutisha wachezaji wake kuhudhuria masomo, na walio wengi miongoni mwa waliokaa naye mpaka mwisho walitoka na shahada zao. Mike Krzyzewski, aliyekuwa nahodha wake West Point, aliivunja hesabu yake ya ushindi mwaka 2011 naye mwenyewe akiwa mwalimu mashuhuri. Knight alifariki tarehe 1 Novemba 2023, na Feinstein akamfuata mwezi wa Machi 2025. Wote wawili sasa wamo katika mikono ya Muumba, na kitabu kimebaki.

Mtaniuliza: hayo ya Bloomington yatuhusu nini sisi wa Nairobi? Yatuhusu sana. Kuanzia viwanja vya Nairobi School kandokando ya barabara ya Waiyaki, hadi Lenana upande wa Ngong Road, hadi Upper Hill, na hadi viwanja vya saruji vya Kangemi na Kawangware ambako vijana hucheza mpaka giza liwaondoe, wamo watoto wetu wanaoota kupata nafasi ya masomo kwa njia ya mpira wa kikapu, iwe katika vyuo vya hapa nchini au ng'ambo. Kila mmoja wao amekabidhiwa kwa mwalimu. Mwalimu ndiye ajuaye nani ataanza mchezo na nani atakaa benchi, nani atasafiri na nani atabaki, nani ataandikiwa barua ya kumsifu. Kijana wa chuo kikuu, hata akiwa mtu mzima kwa umri, yu chini ya mkono wa mwalimu huyo, na mara nyingi karo yake imefungamana na mapenzi ya mwalimu.

Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye, nami siipingi hekima hiyo: mchezo bila adabu ni ghasia, na mwalimu anayeogopa kumkosoa mchezaji humdhulumu. Lakini wazee hao hao walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Reed alikuja kuwa mwalimu wa shule; Alford alikuja kufundisha timu za vyuo; vijana wetu nao, walio wengi, hawatacheza ng'ambo, bali watarudi kuwa wakufunzi wa watoto wa mitaa yetu, na watafundisha kwa sauti ile ile waliyofundishwa nayo. Nchi yetu ilikwisha kuamua kuhusu fimbo: iliikataza shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu asiadhibiwe kwa viboko wala kutendwa kwa namna ya kumdhalilisha. Fimbo huacha alama ambayo mzazi aweza kuiona. Neno la kudhalilisha haliachi alama mwilini, na kwa hiyo linahitaji shahidi zaidi kuliko fimbo.

Nasi hatukukosa misimu ya kuandikwa. Mwaka 1987, wakati wa Michezo ya Afrika hapa Nairobi, timu yetu ya kandanda, Harambee Stars, chini ya Mjerumani Reinhard Fabisch walifika fainali Kasarani, wakashindwa na Misri kwa bao moja. Fabisch alikuwa mkali wa mazoezi na mgumu kwa viongozi wa mpira, na habari za kambi yake zimebaki zikisimuliwa vinywani mwa waliokuwapo, zikipungua kila mmoja wao anapotutoka. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya mpira wa kikapu ya wanaume, Morans, iliishinda Angola, wakati ule mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73, kwa kikapu cha sekunde za mwisho cha Tylor Ongwae, ikapata kufika mashindano ya ubingwa wa bara huko Kigali baada ya kukosekana miaka 28. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Liz Mills wa Australia, wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume katika mashindano hayo ya bara. Katika chumba chao cha kubadilishia nguo, wanaume warefu waliofundishwa na mwanamke walipewa imani gani, walikosoana vipi, walikataa lipi? Hayo yangetufunza mengi juu ya ualimu usiotegemea ubabe, nayo yanastahili kitabu kizima, si habari ya siku moja gazetini.

Mbio zetu zimepata bahati zaidi. Adharanand Finn, Mwingereza, alikwenda Iten na aila yake akaishi na wakimbiaji, akatoa kitabu mwaka 2012. Na kabla yake Toby Tanser alikwisha kuandika juu ya makambi yale. Kwa vitabu vya namna hiyo ulimwengu umepata kumjua Brother Colm O'Connell, Mwailandi aliyefika shule ya St. Patrick's mwaka 1976, mtu wa sauti ya chini, ambaye mwanafunzi wake David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London mwaka ule ule wa 2012. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunawashukuru wageni hao. Lakini si sawa kwamba asomaye habari za makambi yetu aghalabu hana budi kuzisoma kwa macho ya mgeni na kwa lugha ya mgeni, ilhali hapa katikati ya mji, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha uandishi wa habari tangu mwaka 1970, na vijana wanaohitimu humo wakiijua timu, lugha ya mazoezini, na mitaa walikotoka wachezaji.

Basi nasihi yangu ni hii. Mkufunzi mwenye kuamini njia yake na afungue mlango wake kwa mwandishi mmoja, msimu mmoja, tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi siku ya mwisho, wala asingoje msimu wa ushindi. Mwandishi naye na aingie kwa ahadi zilizo wazi, zilizoandikwa na kutiwa sahihi kabla ya mpira kudundwa, ili usije ukazuka ugomvi wa nani aliahidi nini. Na awaombe wachezaji idhini yao wenyewe, si ya mwalimu tu, maana siri za nyumbani kwa kijana, maradhi yake na umaskini wa wazazi wake, si mali ya mwalimu hata azitoe. Asiandike ili kumwangusha mtu wala ili kumpamba. Wachapishaji wetu, ambao wamezoea kutegemea vitabu vya shule, na watenge fungu dogo kwa kazi hiyo, na kitabu kitolewe kwa Kiswahili, ili mama wa Kangemi ambaye mwanawe yuko kambini aweze kukisoma na kujua mwanawe anaishi vipi.

Mwalimu mwema hana la kupoteza katika jambo hili. Ukali wake, ikiwa una haki ndani yake, utaonekana kuwa una haki. Upole wake, ambao watazamaji wa Nyayo hawauoni, utaonekana pia. Na kijana aliyedhulumiwa hatangoja miaka mitatu na ukanda wa picha ndipo aaminiwe. Timu za vijana ni amana tuliyowapa watu wachache, na amana hukaguliwa wakati mali ingali mikononi mwa mwekwa amana, si baada ya kutumika.